Kijiti cha Kuonja Sabuni

Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kwake nilikuwa "mke mwenzangu", kwa sababu babu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba mimi ndiye mke wake mdogo, na Bibi aliukumbatia uke wenza huo hata baada ya mzee kuzikwa. Nikirudi kazini jioni na kumwamkia, ananijibu, "Marahaba, mke mwenzangu. Leo umepima mikojo ya nani?" Namwambia kila siku kwamba mimi ni mtu wa maabara ya maji, sipimi mikojo. Naye kila siku ananijibu, "Hayo hayo. Tofauti ni chupa tu."

Tulikuwa tunakaa Dodoma, mitaa ya zamani, kwenye nyumba iliyoanza kwa udongo na kumalizikia kwa tofali, kila kizazi kikiongeza chumba kadiri kilivyojaliwa. Mababu zetu walikuja na misafara ya biashara, wakachoka, wakakaa. Uani walichimba kisima, na kisima hicho ndicho kilichokuwa fahari ya ukoo, ingawa maji yake yalikuwa na chumvi ya kumfanya mgeni akunje uso. Sisi tulizoea. Bibi alikuwa akisema maji yasiyo na ladha ni ya wagonjwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa mpaka vitu vikawa vinaning'inia dirishani, na sabuni, ambayo zamani tuliipangia foleni kama vile tunapokea sadaka, ikaanza kuuzwa kila kona: ya unga, ya maji, ya rangi tatu, ya harufu ya matunda ambayo hata hatuyajui. Wakati huohuo serikali ikawa inapunguza watu kazini. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa jirani yetu wa nyuma ya ukuta, karani kutoka Kanda ya Ziwa, aliyeletwa Dodoma na serikali na kuachwa Dodoma na serikali hiyohiyo. Kiinua mgongo chake akanunulia mapipa na kemikali kutoka Dar es Salaam, akaanza kukoroga sabuni ya maji yenye harufu ya limau uani kwake kwa mwiko mrefu kama wa kusongea ugali wa msiba.

Bibi hakumpenda tangu siku ya kwanza. Hakuwa na sababu ya maana. Alisema mtu aliyekuwa akivaa tai hawezi kuamka tu akawa fundi wa sabuni, na kwamba kitu kinachopikwa kwenye pipa la lami hakitagusa chombo chake, wallahi, labda awe amekufa na anaoshwa. Alilisema hilo barazani, asubuhi, penye wateja. Maana Bibi alikuwa akiuza chai ya tangawizi na vitumbua barazani kwetu, na wateja wake walikuwa makarani, wanafunzi wa chuo, na Bunge likikaa, madereva wa waheshimiwa. Neno likisemwa pale saa moja, saa nne limefika Majengo sokoni.

Sasa upepo wa Dodoma mnaujua. Ukivuma, jirani akiwa anakoroga, povu lilikuwa linapaa juu ya ukuta na kutua popote linapopenda. Siku moja lilitua kwenye kofia ya mzee aliyekuwa anatoka msikitini, akatembea nalo mtaa mzima bila habari. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi hakucheka, alikuwa anaweka akiba.

Akiba hiyo aliitoa pale wateja walipoanza kupungua. Walikuwa wanamaliza kitumbua, kikombe wanakiacha nusu. Mwishowe dereva mmoja, mtu wa utani, akakitazama kikombe chake, akakinusa, akasema, "Bibi, chai yako leo imeoga."

Watu wakacheka. Bibi akampokonya kikombe, akaingia nacho ndani. Alipotoka alikuwa ameshika kikombe kile, na kweli, pembeni mwa chai palikuwa na duara la vipovu vidogovidogo. "Kisima changu," alisema. "Yule mtu amenitilia sabuni kisimani." Kwa hesabu yake, maji machafu ya jirani yalikuwa yanapenya chini ya ukuta. Mchana huohuo alimfuata bwana afya wa manispaa, akamketisha, akamlisha vitumbua sita, akamweleza.

Bwana afya alikuwa mtu mnene, mpole, ila sheria alikuwa anaijua. Alikwenda kwa jirani akamwambia wazi: sabuni ikionekana kwenye kisima cha watu, mapipa yanabebwa na mlango unafungwa. Jirani hakugomba. Alisema tu kwamba watoto wake wanasoma na hana kitu kingine. Nilikuwa uani nikianika nguo, nikamsikia. Ile sauti ya mtu mzima anayejitahidi isitetemeke sikuipenda hata kidogo, na nilimkasirikia Bibi kwa dhati.

Basi swali likawa, sabuni inaonekanaje? Bwana afya hakuwa na namna ya kuipima. Akanitazama mimi. Nami bahati mbaya, au nzuri, nilikuwa na namna. Maabara yetu ilikuwa imeachiwa na wageni wa mradi kifaa kinachoitwa elektrodi, sisi tukakiita kijiti. Ni kijiti kweli, kinene kama kalamu, mwishoni kina ngozi nyembamba ya plastiki, na waya wake unaingia kwenye mita yenye namba. Ngozi ile imetengenezwa iitambue sabuni ya kisasa tu, zile za unga na za maji. Imekaa kama mama wa mlangoni kwenye harusi ya kadi: vitu vingi vilivyomo kwenye maji vinafika, vinarudishwa, sabuni inapokewa. Sabuni ikizidi, namba kwenye mita zinashuka. Wageni walikuwa wanakitumia kupimia mabwawa ya majitaka, maana ruksa ilileta sabuni na sabuni yote ilikuwa inaishia huko.

Kijiti hicho kina tabia zake. Ukikiweka kikavu muda mrefu kinanuna, hakisemi kweli, kwa hiyo kabla ya kazi lazima ukiloweke kwenye maji yenye sabuni kidogo. Bibi nilipomweleza hilo alishika kiuno. "Yaani hicho kidude chenyewe kinalewa sabuni kwanza, halafu ndiyo kinakaa kumhukumu mwenzake? Haya, ndiyo mahakama zenu hizo."

Hata hivyo alileta maji mwenyewe maabara, amevaa baibui la kwendea harusini, maji yako kwenye chupa ya mafuta ya alizeti, chupa inang'aa. Nikamimina, nikachovya kijiti. Namba zikaporomoka. Si kushuka, kuporomoka! Hata maji ya mtaro wa jirani yasingefika pale. Bibi akapiga kigelegele ndani ya maabara ya serikali, bosi wangu akachungulia akidhani kuna aliyejifungua.

"Bibi," nikamwambia, "chupa hii umeiosha na nini?"

"Na sabuni, tena vizuri. Ulitaka nije ofisini kwa watu na chupa inayonuka mafuta? Wangesema umelelewa wapi?"

"Ukaisuuza mara ngapi?"

"Mara moja. Kwani mimi mwizi wa maji?"

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yetu, na si yetu tu, ya nyumba nyingi za Dodoma: suuzo moja. Beseni moja la kuoshea, beseni moja la kusuuzia, kitambaa, basi. Sheria hiyo iliwekwa na ukame na foleni za maji, na anayesuuza mara mbili aliambiwa anafanya israfu na Mungu anamwona. Na ilikuwa inafaa, maana sabuni zamani ilikuwa ya mche, na sabuni ya mche kwenye maji yetu haitoi povu, inakatikakatika kama maziwa yaliyoharibika na kuganda kwenye beseni. Chombo kinatoka kimepona. Lakini hizi sabuni mpya zinatoa povu hata baharini, na beseni la kusuuzia linageuka kuwa beseni la pili la kuoshea.

"Sabuni gani hiyo, Bibi?"

"Ya mche," akasema, akitazama ukutani. "Mimi natumia ya mche tu. Unanijua."

Namjua, ndiyo. Alipoondoka nilichukua kipande cha mche kilichokuwa kwenye sinki la maabara, nikakifikicha ndani ya maji ya chumvi, nikachovya kijiti. Namba karibu hazikutikisika. Chumvi na chokaa za maji yetu zilikuwa zimeshaikamata sabuni yote. Kwa hiyo Bibi, hajjati mtarajiwa, mama wa mtaa mzima, alikuwa amenidanganya mchana kweupe. Nilitamani kumfuata palepale nimwumbue, ila jioni ile alikuwa anapika pilau, na mimi si mjinga.

Nilimwambia bwana afya kwamba chupa ilikuwa na sabuni yake yenyewe, kipimo kile hakihesabiki, nitakuja kupima palepale kisimani watu wote wakiona. Akakubali. Jumamosi asubuhi nikabeba mita, kijiti, na glasi zangu za maabara nilizozisuuza mpaka dhambi zikatoka. Nikachukua pia chupa ya maji ya kisima cha wafugaji upande wa Bahi. Sababu ni hii: chumvi nyingi nayo humbabaisha kidogo yule mama wa mlangoni, na maji ya wafugaji yalikuwa na chumvi kama yetu, lakini hakuna mtengeneza sabuni karibu nayo. Hayo ndiyo yangekuwa shahidi.

Uani palijaa. Watu walikuja na stuli zao. Mama muuza mlenda alitua tenga lake na kukataa kuuza mpaka kesi iishe. Jirani alikuja amevaa shati jeupe la ofisini, limenyooshwa, limefungwa hadi kifungo cha shingoni, akasimama karibu na mlango wa kutokea kana kwamba hana haki ya kuingia zaidi. Roho iliniuma. Mtu kavaa nguo za kazi aliyofukuzwa ili aje atetee kazi aliyobaki nayo.

Nikachovya kwenye maji ya Bahi. Nikasoma namba kwa sauti, bwana afya akaiandika. Nikasuuza kijiti, nikafuta. Kisha nikateka maji ya kisima chetu kwa ndoo niliyokuja nayo, nikamimina kwenye glasi, nikachovya. Namba ikayumba, ikatulia palepale pa Bahi.

"Hakuna sabuni," nikasema. "Kisima ni kizima."

Jirani alishusha pumzi tuliyoisikia sote. Bwana afya akaanza kufunga kalamu yake. Na hapo mambo yangeishia, watu wangekwenda kunywa uji, lau si Bibi.

"Ngoja!" akasema. "Hizo glasi zenu mimi sizijui. Watu wanakunywa kwenye kikombe changu, si kwenye glasi ya serikali. Pima kwenye kikombe changu!" Na akakileta, kile cha maua, kimekaukia kwenye kichanja, kinameta.

Nikamsogelea sikioni. "Bibi, nakuomba tuliache hili."

"Kwa nini? Umehongwa?" Akasema kwa sauti, watu wasikie. "Mke mwenzangu kahongwa sabuni!"

Jamani, nina hasira za karibu, na sikuzitafuta dukani, nilirithi kwake. "Haya," nikasema. Nikachukua ndoo ileile, maji yaleyale, nikamimina kwenye kikombe chake, nikachovya kijiti. Namba zikaporomoka kama siku ile ya chupa.

"Mmeona!" Bibi akaruka. "Mmeona! Si nilisema? Sabuni ipo! Ipo, ipo..."

Nilimwona akipiga hesabu. Maji ni yale, ndoo ni ile, kilichobadilika ni kikombe. Mama wa mlenda akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Bwana afya akafungua kalamu tena. "Bibi, vikombe unaviosha na sabuni gani?"

"Ya mche."

Akanigeukia. "Ya mche inaweza kufanya hivi?"

Nilimtazama Bibi. Alikuwa amenikazia macho, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona ananiomba kitu. Lakini nikamwona na jirani na shati lake. "Kwa maji yetu haya, haiwezi," nikasema. "Hii ni ya maji."

Bwana afya akakinusa kikombe. Harufu ilikuwa ya limau, na harufu ya limau mtaa ule ilikuwa na mwenyewe. Macho yote yakaenda mlangoni.

"Bwana," bwana afya akamwambia jirani, "hapa pana njia mbili tu. Ama huyu mama ni mteja wako, ananunua sabuni na hajui kuisuuza, na hapo wewe huna kosa lolote. Ama si mteja wako, basi ni lile povu lako linaloruka ukuta na kutua kwenye vyombo vya watu, maana nimeliona kwa macho yangu. Na kama ni povu, leo hii nafunga. Niambie. Umewahi kumuuzia?"

Neno moja tu, "ndiyo", na mapipa yake yangebaki. Jirani aliangalia viatu vyake. Akamtazama Bibi, aliyesimama pale mbele ya wateja wake wote, mbele ya watu aliowaapia. Akasema, "Hapana, bwana afya. Sijawahi."

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaelewa. Huyu mtu alikuwa tayari watoto wake warudishwe nyumbani kwa kukosa ada kuliko kumvua nguo bibi kizee aliyekuwa anamfukuzisha kazi. Bwana afya alitikisa kichwa kwa masikitiko, akauliza mapipa ni mangapi.

"Muongo huyo," Bibi akasema.

Watu wakageuka. Bibi alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili. "Muongo. Ananiuzia. Tangu mfungo mosi ananiuzia. Ikiisha nagonga mlango wake wa uani baada ya alfajiri, ananijazia chupa, naiweka chini ya kitanda. Inatoa povu hata na maji haya yetu. Miaka yangu yote sijawahi kuona povu kwenye maji haya, nikawa naosha vyombo na kucheka peke yangu." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilimwambia akimwambia mtu, tutakosana mbinguni na duniani. Sikujua ataninyamazia mpaka kwenye hili. Bwana afya, mwache. Funga baraza yangu mimi."

Hakuna aliyecheka. Bwana afya alikohoa, akaichana karatasi yake vipande, akasema hafungi kitu cha mtu, ila vikombe visuuzwe mara mbili, hata tatu, na povu liwekewe kizuizi pale ukutani.

Bibi, Bibi huyu, hakuweza kushindwa moja kwa moja. Alimgeukia jirani, amekunja uso, machozi bado yapo. "Na wewe! Unaniuzia kitu miezi yote hiyo, unaona wateja wananikimbia, huwezi hata kunidokeza kwamba kinasuuzwa mara mbili?"

Jirani akajibu kwa upole wake wa kikarani, "Ningekwambia saa ngapi, Bibi? Ulinikataza hata kukuamkia."

Uani mzima ukasikia. Bibi akakiweka kikombe chake kwenye ukingo wa kisima. Kisha akamshika jirani mkono juu ya kiwiko, akamtoa uani, akampitisha ukumbini kwetu, hadi barazani mbele, kwenye njia ya watu wote, sisi nyuma tunafuata.

"Niamkie," akamwambia.

"Shikamoo, Bibi."

Na Bibi akaitika kwa sauti yake ya kuitia wateja, mtaa mzima usikie: "Marahaba, mwanangu."